UZI: Kutazama Stromboli ikilipuka usiku ukiwa kwenye boti ndogo

Kasoko (mleta uzi)

Habari zenu wadau. Kwenye nyuzi za safari nimeona watu wengi wakiuliza kuhusu kupanda milima ya volkano, lakini wanaouliza kuhusu kuitazama kutoka baharini ni wachache mno. Nimeiona Stromboli kwa njia zote mbili, nchi kavu na majini, na msimamo wangu nauweka mezani mapema: anayetaka kuelewa mlima ule unafanyaje kazi, aende na boti, aende usiku. Nitaandika kwa vipande. Mwenye swali alidondoshe, nitajibu.

Stromboli ni kisiwa cha Italia, kaskazini mwa Sisilia, kati ya visiwa vya Aeolian. Kisiwa chenyewe ndio mlima. Kilele kipo mita 924 juu ya usawa wa bahari, ila hiyo ni ncha tu, maana ukipima kuanzia sakafu ya bahari mlima mzima unakaribia kilomita 3. Nchi kavu yote ni kilomita za mraba 12 na ushei. Wakazi ni mia kadhaa, wengi wao upande wa kaskazini-mashariki. Wengine wachache wapo Ginostra, upande wa kusini-magharibi, na huko hakuna barabara inayofika. Ukitaka kwenda Ginostra unapita baharini.

Mlima umekuwa ukilipuka karibu bila kupumzika kwa miaka isiyopungua 2,000. Mabaharia wa zamani walijua walipo kwa kuutazama tu, ndiyo maana ukaitwa mnara wa taa wa Mediterania.

Sasa shika jina hili: Sciara del Fuoco. Ni mteremko mkubwa mweusi upande wa kaskazini-magharibi. Yapata miaka 5,000 iliyopita ubavu wa mlima uliporomoka baharini ukaacha kovu pana lenye kuta mbili, na matundu ya volkano yapo juu ya kovu hilo, kwenye mita 750 hivi. Chochote kinachorushwa na matundu kikaangukia upande huo kinabingirika hadi majini. Hakuna nyumba pale wala njia ya miguu. Aliye baharini ndiye anayeuona mteremko wote kwa mkupuo, kuanzia tundu hadi povu la wimbi, na hapo ndipo boti inapoizidi njia ya kupanda.

Naendelea.

Msafiri Mkimya

Nimekaa mkao wa kusoma mkuu. Swali la haraka: kwa nini usiku? Mchana si unaona vizuri zaidi?

Kasoko

Swali zuri ndugu. Mchana unaona moshi, vumbi na mawe meusi. Mlipuko ni uleule, nguvu ni ileile, lakini jua linaufunika mwanga wa mawe. Magma ya Stromboli, yaani mwamba ulioyeyuka, inatoka ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi. Kipande kikiwa na joto hilo kinang'aa rangi ya chungwa inayokaribia njano. Kikipoa kidogo kinakuwa chekundu, kisha chekundu cha giza, halafu kinazimika machoni ingawa bado kingeweza kukuunguza vibaya. Kwa hiyo usiku rangi ndiyo kipimajoto chako. Unaliona jiwe likipoa likiwa bado hewani.

Boti nyingi huondoka kijijini kabla ya jua kuzama, na nawashauri mchague safari ya namna hiyo. Unazunguka ncha ya kaskazini kukiwa bado na mwanga, unauona mteremko ulivyo, mikwaruzo ya mawe, vumbi linalopanda kila jiwe linapogonga. Kisha giza linaingia taratibu na wekundu unajitokeza pale ambapo dakika chache nyuma uliona moshi wa kijivu. Anayefika giza limeshaingia anaziona cheche, lakini hajui zinaanguka juu ya nini.

Giza la huko nalo ni la kweli. Mitaa ya kijiji haina taa za barabarani, na upande wa Sciara hakuna hata dirisha moja lenye taa.

Nuru Usiku

Kaka Kasoko, tueleze mlipuko mmoja tu, mwanzo hadi mwisho. Video nimeziona nyingi lakini zote zimekatwakatwa.

Kasoko

Nakueleza dada, na hili ndilo hasa lililonifanya nifungue uzi.

Nahodha anazima injini. Pale hakuna nanga ya kutia, kwa sababu mteremko unaendelea chini ya maji kwa ukali uleule, na mita chache tu kutoka ufukweni kina kimeshakuwa kikubwa. Basi boti inaelea, inageuka polepole, na kila mtu anageuza shingo kuufuata mlima. Injini ikishanyamaza unagundua kwamba mlima wenyewe haujanyamaza. Kuna mvumo mdogo unaoendelea muda wote, gesi ikitoka kwenye matundu.

Juu ya matundu kuna wingu la mvuke na gesi. Chini ya wingu hilo kuna wekundu hafifu. Wengi hudhani ni ndimi za moto, lakini hakuna kinachowaka pale. Ni mwanga wa zaha (lava) iliyoko ndani ya tundu unaogonga wingu kutokea chini. Ukilikazia macho wingu hilo, utaona wekundu unaongezeka ghafla, na mara chemchemi ya vipande vyenye moto inaruka juu. Mita 100, wakati mwingine 200 na zaidi.

Na hapo hapasikiki kitu.

Hicho ndicho hushangaza wageni wote. Vipande vinapanda, vinafika juu, vinapinda, vinaanza kushuka, na masikioni mwako hakuna kitu. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ukiwa kilomita 2 kutoka kwenye tundu ngurumo inakufikia baada ya sekunde 6 hivi. Wakati inakupiga kifuani, mawe tayari yanashuka kuelekea mteremkoni. Mlipuko ule unauona mara ya kwanza, halafu unausikia macho yakiwa yameshahamia kwingine. Ukiwa na tabia ya kuhesabu, unaweza kujua umbali wenu bila kumuuliza nahodha.

Kisha mteremko ndio unachukua zamu. Fuata jiwe moja tu, usijaribu kuyafuata yote. Linadunda, linapotea nyuma ya mwamba, linatokea tena chini zaidi likiwa limeshakuwa jekundu lililofifia. Unadhani limekwisha. Linagonga mwamba mwingine linapasuka, na vile vipande vyake vinang'aa upya, rangi ya chungwa kabisa, kwa sababu ganda la nje ndilo lililokuwa limepoa na moyo wake bado ulikuwa wa moto. Hilo la kupasuka na kuwaka upya huwezi kuliona ukiwa kileleni unaangalia kwa juu. Sauti ya mawe hayo inakuja kwa kuchelewa vilevile, na inafanana na lori linalomwaga kokoto mbali kidogo. Mengi huzimika kabla ya kufika majini. Machache hufika.

Halafu kimya. Dakika 10, dakika 20, wakati mwingine pungufu. Kisha tundu jingine linajibu.

Jabali

Umesema "tundu jingine". Yapo mangapi? Na yanapokezana?

Kasoko

Yapo kwenye makundi mawili, moja kaskazini na jingine katikati na kusini, na ndani ya kila kundi kuna matundu kadhaa. Idadi yake hubadilika, kwa sababu mlima unajenga kingo zake na kuzibomoa wenyewe. Hayapokezani kwa utaratibu wa zamu, lakini kila tundu lina hulka yake. Lipo linalorusha vipande vyekundu vikavu, vingi, kwa muda mfupi. Lipo linalotoa majivu mengi zaidi ya moto, na hilo usiku unaliona hafifu kwa sababu majivu yanafunika mwanga. Ukikaa muda wa kutosha utaanza kuyatofautisha, utasema hili ni lile la kushoto hata kabla vipande havijafika juu. Ya kaskazini ndiyo yanayoonekana vizuri zaidi kutoka baharini, maana yako ukingoni kabisa mwa Sciara.

Msafiri Mkimya

Sasa kwa nini unalipuka kila baada ya dakika chache miaka 2,000 yote hiyo? Nguvu haziishi? Na zaha yote hiyo mbona haijajaza bahari?

Kasoko

Injini ya mlima huu ni gesi. Magma iliyo chini ina mvuke wa maji, kaboni dioksaidi na gesi za salfa zilizoyeyuka ndani yake. Inapopanda, mgandamizo unapungua na gesi zinajitenga kuwa mapovu. Magma ya Stromboli ni ya basalti, ya majimaji kiasi cha kuruhusu mapovu kupita ndani yake na kuungana. Mapovu madogo yakiungana yanazaa povu moja kubwa linalojaza karibu upana wote wa bomba. Povu hilo linapanda haraka, linafika juu, na linapasuka. Ngozi ya magma iliyokuwa juu yake ndiyo ile chemchemi tunayoiona. Baada ya hapo bomba linatulia mpaka povu jingine lifike.

Kwa hiyo kinachotoka nje kwa wingi ni gesi. Mawe ni kidogo sana ukilinganisha na magma inayopanda. Magma ikishapoteza gesi inakuwa nzito, inazama tena ndani ya bomba, na mpya yenye gesi inapanda kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana mlima unaweza kuendelea karne kwa karne bila kuimaliza akiba wala kuijaza bahari. Milima mingine duniani inayolipuka kwa namna hii wanasayansi huiita ya aina ya Stromboli.

Sehemu kubwa ya nguvu ya sauti ya milipuko hiyo ipo chini ya kiwango ambacho sikio la mtu linasikia. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florence wameweka vifaa vya kunasa mawimbi hayo mlimani. Ule mshindo unaouhisi kifuani kabla hujajua kama umesikia kitu si hisia zako tu.

Nuru Usiku

Mimi nimewahi kuona wekundu wa Nyiragongo kutoka Ziwa Kivu usiku. Hausogei wala hauruki, unakaa pale juu umetulia. Hiyo nayo ni aina hii?

Kasoko

Hapana dada, na umeieleza vizuri sana tofauti yenyewe. Nyiragongo imekuwa maarufu kwa ziwa la zaha ndani ya kasoko yake, na wekundu ule ni mwanga wa ziwa hilo ukigonga mawingu. Zaha yake ni ya majimaji mno, gesi inatoka bila shida kubwa. Hatari yake ni nyingine: mlima ukipasuka ubavuni, ziwa lote linamwagika. Ilitokea 1977, ikatokea Januari 2002 ambapo zaha ilipita katikati ya mji wa Goma mpaka ikaingia Ziwa Kivu, na ikatokea tena Mei 2021. Ule wekundu uliotulia usimdanganye mtu.

Na ukitaka tofauti kubwa zaidi, chukua Ol Doinyo Lengai. Zaha yake ni ya kaboneti yenye sodiamu, inatoka na joto la nyuzi 500 hadi 600 tu. Mchana inaonekana nyeusi au kahawia, inatiririka kama matope. Usiku ina wekundu wa kufifia sana. Nimesema hapo juu kwamba rangi ni kipimajoto, basi Lengai ndio ushahidi.

Bandarini

Naomba nichangie kidogo, mimi ni mtu wa bahari. Mleta uzi umetaja Sciara inatazama kaskazini-magharibi. Upepo mkali unaotawala eneo lile, maestrale, unatoka hukohuko. Ina maana ukivuma, upande wa kutazamia ndio upo joshini kabisa, hakuna pa kujificha. Bahari inaweza kuwa shwari mbele ya kijiji, halafu ukizunguka tu ile ncha unakutana na wimbi la kutosha kuirusha boti ndogo. Abiria wanakasirika nahodha akiahirisha safari kwa sababu wao wanaona maji yametulia. Yupo sahihi yeye.

Na boti iliyozima injini inakaa ubavu kwa mawimbi. Hapo ndipo watu wanapotapika. Mwenye tumbo la shida akae katikati karibu na tezi, atazame upeo wa bahari wakati bado kuna mwanga, na dawa ameze kabla ya kupanda. Ukishaanza kutapika dawa haisaidii tena.

Jaketi la kuokolea maisha livaliwe muda wote, usilikalie. Usiku mtu akidondoka majini kumpata ni kazi, na wakati huo macho ya wote yapo juu mlimani.

Kasoko

Asante sana mkuu Bandarini, hapo kwenye macho ya wote kuwa juu naomba kila mtu asome mara mbili. Mwenzenu mmoja kwenye boti awe na kazi ya kutazama maji na boti nyingine. Huwa zinakusanyika pale jioni, nyingine zimewasha taa kali, nyingine karibu hazina taa.

Jabali

Sasa tuje kwenye usalama wadau. Mimi binafsi naona kupanda kwa miguu ni salama zaidi, una ardhi chini yako na njia ya kukimbilia. Boti ikizidiwa umekwisha.

Kasoko

Ndugu Jabali, naheshimu mtazamo wako lakini historia ya mlima huu haiungi mkono. Tuwe wazi kuhusu hatari zenyewe.

Milipuko ya kawaida ninayoisimulia haifiki baharini kwa nguvu. Tatizo ni ile mikubwa ya ghafla, inayotokea magma yenye gesi nyingi inapopanda kwa kasi kutoka kina kirefu zaidi. Septemba 1930 mlipuko wa namna hiyo uliua watu kisiwani na kuharibu nyumba, na wakazi wengi wakahama baada yake. Aprili 2003 mawe makubwa yaliangukia Ginostra. Tarehe 3 Julai 2019, alasiri ya kawaida tu, mlima ulilipuka kwa nguvu kubwa, ukasukuma safu ya moshi na majivu kilomita kadhaa angani, na mtu mmoja aliyekuwa akitembea mlimani akafariki. Tangu mwaka huo njia ya kwenda kileleni imefungwa, wapandaji wanaishia chini zaidi. Kwa hiyo ile ardhi unayoisema ndiyo inayopigwa mawe kwanza.

Ila sitaki mtu atoke hapa akidhani boti ni kinga. Tarehe 28 Agosti 2019 ulitokea mlipuko mwingine mkubwa. Wingu la gesi ya moto na majivu liliporomoka kwenye Sciara, likafika majini, na halikusimama. Liliteleza juu ya bahari kwa takriban kilomita 1. Boti zilizokuwa upande ule zililazimika kukimbia kwa nguvu zote za injini. Wingu la namna hiyo linapita juu ya maji bila shida, na mtu aliyedhani maji ni mpaka alikuwa kwenye njia yake.

Ya tatu ni mteremko wenyewe. Ulishaporomoka zamani na bado unaweza kuporomoka kidogokidogo. Tarehe 30 Desemba 2002, siku mbili baada ya zaha kuanza kutiririka kwenye Sciara, sehemu ya mteremko iliingia baharini, sehemu nyingine ikaporomoka chini ya maji, na tsunami ikazaliwa pale pale. Maji yalipanda hadi mita 10 hivi kwenye baadhi ya maeneo ya kisiwa. Ilikuwa majira ya baridi, watalii hakuna, ufukwe mtupu. Ingekuwa Agosti tungekuwa tunasimulia mambo mengine. Na ni hatari ya kweli kwa milima ya visiwani popote. Desemba 2018 ubavu wa Anak Krakatau kule Indonesia uliporomoka baharini usiku, na tsunami yake ikaua watu zaidi ya 400 kwenye pwani za Java na Sumatra.

Bandarini

Kanuni tunayofundishwa ni kwamba tsunami ikitangazwa, chombo kikimbilie maji yenye kina, wimbi litapita chini yako bila kukudhuru. Kwa Stromboli inafanya kazi?

Kasoko

Inafanya kazi ukiwa mbali na chanzo mkuu. Mbele ya Sciara wewe upo juu ya chanzo. Kina ni kirefu, ndiyo, lakini maporomoko yanaingia majini mbele ya macho yako na hakuna muda wa wimbi kutulia. Baada ya 2002 Idara ya Ulinzi wa Raia ya Italia iliweka kituo kisiwani, vikawekwa vipima-wimbi baharini mbele ya mteremko, na ving'ora vya kuwaonya watu. Onyo linalowezekana ni la dakika chache tu. Kwa aliye ufukweni dakika hizo ni za kupanda juu. Kwa aliye kwenye boti mbele ya mteremko, kinga pekee ni umbali aliouweka tangu mwanzo.

Ndiyo maana nasema chagua nahodha anayekaa mbali. Mamlaka za bandari hutangaza umbali wa chini kabisa wa kuukaribia ufukwe ule, na hubadilika kulingana na hali ya mlima. Atakayekuambia "nitawapeleka karibu kuliko wengine" mkimbie. Hata kwa kutazama tu, ukaribu hauna faida. Ukisogea sana chini ya mteremko, bega la mlima linakuziba matundu na unaona wekundu wa wingu tu. Umbali unakupa picha nzima.

Msafiri Mkimya

Na zaha ikifika baharini kabisa? Hiyo si ndiyo picha kila mtu anaitaka?

Kasoko

Ndiyo picha inayotakwa, na ndiyo hali ambayo boti haitakiwi kuwa karibu. Julai 2024 zaha ya Stromboli ilifika majini, na siku chache baadaye, tarehe 11, ukafuata mlipuko mkubwa. Zaha kutiririka kwenye Sciara ni dalili kwamba mlima umebadili mwenendo, na vitu hivyo viwili vimeandamana zaidi ya mara moja, 2002 hadi 2003, 2007, na 2024.

Zaha ikigusa maji ya chumvi inatoa wingu jeupe lenye asidi ya hidrokloriki na chembechembe za kioo. Linaunguza macho na mapafu. Na maji yaliyonaswa chini ya zaha yanageuka mvuke ghafla na kulipuka. Tarehe 16 Julai 2018 kule Hawaii, boti ya watalii ilikuwa inatazama zaha ya Kilauea ikiingia baharini asubuhi na mapema. Mlipuko ukatokea chini ya maji, jiwe likatoboa paa la boti, watu 23 wakaumia. Na muda mrefu kabla ya hapo, Septemba 1952, meli ya utafiti ya Japani iitwayo Kaiyo Maru namba 5 ilikuwa inachunguza volkano ya chini ya bahari ya Myojinsho ilipolipuka. Wote 31 waliokuwemo walikufa. Walikuwa watu waliojua kazi yao.

Nuru Usiku

Hayo ya 1952 sikuwahi kuyasikia. Mungu awarehemu.

Naomba ushauri wa picha. Nina kamera ya kawaida na tripodi.

Kasoko

Amina.

Tripodi iache dada. Boti inacheza, na picha ya muda mrefu itakutolea michirizi ya mwanga iliyopinda. Tumia lenzi yenye tundu pana, pandisha ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) bila woga, na muda wa kupokea mwanga uwe mfupi, chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, kisha piga mfululizo. Fokasi usiiachie kamera ijitafutie yenyewe gizani. Njiani utapita karibu na Strombolicchio, jabali linalosimama peke yake majini upande wa kaskazini-mashariki. Ni mabaki ya volkano ya zamani zaidi kuliko kisiwa chenyewe, na juu yake kuna mnara wa taa. Ukishakaa nao mbali, weka fokasi kwenye taa yake, kisha ifunge kwa mkono. Haitahitaji kuguswa tena.

Mwanga wa skrini upunguze mpaka mwisho, kwa heshima ya wenzako na ya macho yako. Jicho linachukua kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na simu moja inayowashwa inairudisha kazi yote nyuma. Nikipewa nafasi ya kuchagua, mimi napendelea siku zenye mwezi mchanga. Wapo wanaopenda mbalamwezi kwa sababu mwili wa mlima unaonekana, na hilo silipingi, ila cheche za mwisho chini mteremkoni zinapotea.

Na naomba hili mlichukulie kwa uzito: mlipuko wa kwanza na wa pili usipige picha kabisa. Tazama tu. Vinginevyo utarudi na faili kwenye kadi na hutakumbuka sauti ilikuja lini.

Jabali

Umenishawishi mkuu, nakubali upande wa baharini una hoja. La mwisho kutoka kwangu: nitajuaje kama siku hiyo nitaona kitu? Safari ni ndefu, sitaki kufika nikakuta mlima umelala.

Kasoko

Karibu sana ndugu yangu. Kulala kabisa ni nadra, shida kubwa ni mawingu. Kisiwa kimesimama peke yake baharini, hewa yenye unyevu inapanda ubavuni na kutengeneza kofia ya wingu kileleni hata siku ambayo anga yote ni safi. Ikishuka chini ya mita 750 imefunika matundu. Siku hiyo utasikia ngurumo na kuona wingu likiwaka kwa ndani, cheche huoni, isipokuwa mawe yanayotokeza chini ya wingu. Kwa hiyo panga kulala kisiwani zaidi ya usiku mmoja, na usilipie boti mapema. Shuka gatini Scari mchana, tazama kilele, zungumza na manahodha, ulizia upepo wa jioni.

Kuhusu mlima wenyewe, Taasisi ya Taifa ya Jiofizikia na Volkanolojia ya Italia, INGV, huchapisha taarifa za Stromboli mara kwa mara, na Ulinzi wa Raia hutangaza kiwango cha tahadhari kwa rangi: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Isome rangi asubuhi ya siku yenyewe, maana inaweza kubadilika ukiwa safarini. Na wakitangaza kuzuia boti upande wa Sciara, usitafute nahodha wa kukupitisha kwa mlango wa nyuma. Panda njia ya miguu iliyoruhusiwa, au kaa kijijini usubiri tangazo jingine.